Kuratibu Misaada kwa Watu Waliokimbia Vita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa vikundi vya kujitolea, taasisi za dini, viongozi wa mitaa na vijiji, na maafisa wapya wa mashirika wanaojikuta wakipokea watu waliokimbia mapigano. Maswali yaliyomo huulizwa kila dharura inapotokea, mengine kwa hasira, na yanastahili kujibiwa bila kuzungushwa. Msomaji ataona swali moja likijitokeza katika karibu kila jibu: nani amekosa, na kwa nini amekosa?

Watu wana njaa leo. Kwa nini tukae vikaoni badala ya kupakia lori na kuondoka?

Pakieni. Ila kabla lori halijaondoka, ulizeni nani yuko kule tayari, amepeleka nini, na ni eneo gani halijafikiwa. Kama kuna mtu anayekusanya taarifa hizo, mtajibiwa kwa simu moja. Kama hayupo, hutokea lile lile kila mahali: kituo kilicho kando ya lami kinapata blanketi mara tatu kwa wiki, huku watu waliojibanza katika shule iliyo ng'ambo ya mto hawajaona hata dumu la maji. Waliopeleka blanketi wote walikuwa na nia njema.

Goma ya mwaka 1994 inabaki kuwa mfano mchungu kuliko yote. Mwezi Julai, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma, mashariki mwa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), kwa siku chache, wakatua kwenye ardhi ya mwamba wa volkano isiyochimbika vyoo. Kikaja kipindupindu, kikafuatiwa na kuhara damu, na karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Mashirika hayakukosekana, yalimiminika. Lakini maji safi yalichelewa, na baadhi ya vituo vya matibabu vilikuwa na wahudumu wasio na uzoefu wa kuwarudishia wagonjwa maji mwilini kwa kasi inayotakiwa. Mjadala uliofuata ndio uliochangia kuanzishwa mwaka 1997 kwa mradi wa viwango vya Sphere, yaani viwango vya chini vya misaada ya kibinadamu, ambavyo tutavirudia hapa chini.

Nani hasa ndiye mratibu?

Kisheria, wa kwanza ni serikali ya nchi husika. Azimio 46/182 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la Desemba 1991, linasema wazi kwamba nchi iliyoathirika ndiyo yenye jukumu la msingi la kupanga, kuratibu na kutekeleza misaada ndani ya mipaka yake. Azimio hilohilo ndilo lililoleta cheo cha Mratibu wa Misaada ya Dharura katika Umoja wa Mataifa pamoja na Kamati ya Kudumu ya Mashirika, inayojulikana kwa kifupi IASC. Ofisi inayofanya kazi hiyo leo, OCHA, ilichukua jina hilo mwaka 1998.

Tangu 2005, kazi imegawanywa kwa makundi ya kisekta, na kila kundi lina shirika linaloliongoza. Afya inaongozwa na Shirika la Afya Duniani. Lishe, pamoja na maji na usafi wa mazingira, zinaongozwa na UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, ambalo pia linashirikiana na shirika la Save the Children kuongoza elimu. Chakula kiko chini ya FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo, na Mpango wa Chakula Duniani, na huo Mpango wa Chakula ndio unaoongoza usafirishaji na mawasiliano. Ulinzi wa raia unaongozwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na panapokuwa na vita shirika hilo huongoza pia makazi na usimamizi wa kambi. Kuongoza sekta si heshima ya kukalia kiti cha mwenyekiti. Pengo likibaki na hakuna wa kuliziba, shirika linaloongoza ndilo linalotakiwa kuliziba, ilimradi lina fedha na njia ya kufika.

Ugumu wa vita ni kwamba serikali inaweza kuwa ni upande mmojawapo wa mapigano. Ndiyo maana Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na Madaktari Wasio na Mipaka hushiriki katika vikao hivi kwa tahadhari, wengi wao wakiwa kama waalikwa, ili wabaki huru kuzungumza na kila upande. Msiwachukulie kuwa wakaidi. Uhuru wao ndio unaowafikisha mahali ambapo wengine hawafiki.

Mkimbizi na mkimbizi wa ndani wanahudumiwa tofauti?

Mahitaji yao ni yaleyale. Tofauti iko katika sheria na katika nani anawajibika. Aliyevuka mpaka analindwa na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na Itifaki yake ya 1967, na kwa Afrika Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969, unaomtambua pia anayekimbia vita na machafuko ya jumla. Uratibu wake unaongozwa na UNHCR pamoja na nchi iliyompokea. Asiyevuka mpaka bado ni raia chini ya serikali yake. Analindwa na sheria za nchi yake, haki za binadamu, sheria za vita na Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani za mwaka 1998, zilizoandaliwa chini ya Francis Deng, aliyekuwa mwakilishi wa Katibu Mkuu kwa suala hilo. Afrika ilipiga hatua zaidi kwa kuwa na Mkataba wa Kampala wa 2009, ulioanza kutumika Desemba 2012, na huo unazifunga nchi zilizouridhia.

Hawa wa ndani ndio wengi. Mwishoni mwa 2024, kati ya watu milioni 123.2 waliokuwa wamelazimika kuhama makwao kwa vita, mateso na ghasia, milioni 73.5 walikuwa ndani ya nchi zao. Lakini ndio wasioonekana kirahisi, kwa sababu hawapiti kwenye kituo chochote cha mpakani cha kuwahesabu.

Sisi ni kikundi kidogo. Tuanzie wapi?

Tafuteni anayeshika jedwali la nani anafanya nini, wapi, lini na kwa nani. Anaweza kuwa afisa wa OCHA, wa wilaya, au kijana wa Msalaba Mwekundu mwenye kompyuta moja. Mpeni taarifa zenu hata kama mmegawa madumu hamsini tu. Msipoandikwa, eneo lenu litasomeka kwenye ramani kuwa halina mtu na lori jingine litaelekezwa hapohapo. Au mtatangaza kwamba mtahudumia vijiji vitano, mfike viwili, na vile vitatu vitakaa bila msaada kwa kuwa kila mtu anaamini ninyi mpo. Hili la pili ni baya zaidi, na linatokea mara nyingi mno. Mkishindwa kufika, semeni siku hiyohiyo. Hakuna mratibu mwenye akili atakayewalaumu.

Chagueni sekta moja mnayoiweza. Kikundi kinachojua kutunza visima kinaokoa maisha zaidi kikishughulika na visima kuliko kikijaribu kugawa kila kitu.

Siku za kwanza, kipi kitangulie?

Maji, vyoo, chanjo ya surua, chakula, mahali pa kulala, na matibabu ya wagonjwa. Vyote hivi vinakwenda pamoja, na kikilegalega kimoja kinaangusha vingine. Viwango vya Sphere vinatupa vipimo vya kuanzia: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu 250, na chanzo cha maji kisichozidi mita 500 kutoka nyumbani. Choo kimoja kwa watu 50 katika hatua ya kwanza kabisa, kisha mfike haraka kwenye kimoja kwa watu 20. Ndani ya makazi, mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Chakula cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku.

Namba hizi si za kupambia ripoti. Zichukueni mwende nazo uwanjani. Kama watu 5,000 wana mabomba manane, hamhitaji tathmini ya wiki tatu kujua kwamba kuna mama anayeamka usiku wa manane kupanga foleni, au binti anayeacha foleni na kwenda kuchota mtoni. Waulizeni. Ulizeni pia nani hachoti kabisa. Mara nyingi ni mzee anayeishi peke yake au mtu mwenye ulemavu anayenunua maji kwa jirani kwa kumkatia sehemu ya mgao wake wa unga.

Surua huua watoto waliobanana kambini kwa kasi ambayo wengi hawaitarajii, kwa hiyo chanjo kwa watoto kuanzia miezi sita hadi miaka 15, pamoja na vitamini A kwa wadogo walio chini ya miaka mitano, haisubiri mgonjwa wa kwanza. Kwa lishe, utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu unatosha kuanzia. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akipimwa akawa chini ya milimita 115, ana utapiamlo mkali na anapelekwa kwenye matibabu siku hiyo.

Vyoo viwe na taa au viwe karibu, vifungwe kwa ndani, na vya wanawake vitenganishwe. Choo kizuri kilichojengwa gizani, nyuma ya ghala, hakitatumiwa na mwanamke hata mmoja baada ya magharibi.

Orodha ya walengwa inatengenezwaje bila kuacha watu wala kuwarudia?

Hapa ndipo lawama nyingi huzaliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Njia ya haraka ni kumwomba kiongozi alete majina. Inafaa kwa siku mbili tatu za mwanzo, kisha ina hatari zake. Kiongozi anawajua watu wa upande wake. Anaweza kusahau wajane, kaya zinazoongozwa na watoto, watu wa kabila dogo, au waliofika jana usiku. Wengine hawasahau, wanaacha kwa makusudi. Kwa hiyo orodha ya kiongozi ihakikiwe kwa kupita nyumba kwa nyumba, ibandikwe kwa namba za kaya mahali pa wazi iwapo usalama unaruhusu, na kuwe na siku inayojulikana ya kupokea wanaosema wameachwa. Kadi itolewe kwa kaya, lakini muulize nani ataishika. Pale mwanamume ana wake wawili wanaoishi mbali, kadi moja haitoshi.

Siku ya mgao inaonyesha kama mlipanga vizuri. Kamba zinafungwa mapema ili kuwe na njia za kupita, na kivuli na maji ya kunywa viwepo kwa wanaosubiri. Ubao mkubwa unaonyesha kwa maandishi na kwa picha kila kaya inapata nini: makopo mangapi ya unga, mangapi ya maharage, mafuta kiasi gani. Wajawazito, wazee na wenye ulemavu wana foleni yao, na kuna vijana wa kuwabebea mizigo hadi walipo. Kisha, baada ya mlango wa kutokea, kuna mzani. Mwanamke anayetoka anaweza kusimamisha mfuko wake pale na kujua kama amepata alichoahidiwa. Pembeni ya mzani kuna meza ya malalamiko, na anayekaa hapo asiwe yule anayepima unga. Panapokuwa na mzani huu, mkono wa mpimaji huwa mwaminifu bila mtu kumkaripia.

Vipi waliohifadhiwa na ndugu au wenyeji?

Msiwasahau, maana ni wengi kuliko wa kambini katika nchi nyingi. Kaya iliyokuwa na watu sita ikipokea tisa wengine, chakula cha msimu kinaisha kwa wiki chache, mbegu zinaliwa, na urafiki unaanza kuchakaa. Wahesabuni wageni pamoja na wenyeji wao. Zahanati, kisima na shule ya eneo hilo viongezewe uwezo kwa faida ya wote. Kambi ikipata maji mazuri huku kijiji jirani kikiendelea kunywa ya bwawani, mmepanda ugomvi kwa mikono yenu.

Tugawe chakula au fedha?

Angalieni soko. Kama maduka yana bidhaa, barabara zinapitika na bei hazitaruka mara watu wakipata fedha, basi fedha humwachia mtu heshima ya kuchagua mwenyewe, na huwaweka wafanyabiashara wadogo hai. Kama soko limekufa au limezingirwa, fedha haziliki.

Kuna vizuizi vidogo vinavyoangusha mipango mizuri. Malipo kwa simu yanahitaji laini iliyosajiliwa, na laini inahitaji kitambulisho, nacho kiliungua na nyumba. Zungumzeni na kampuni za simu na mamlaka mapema kuhusu kadi za mgao kukubalika kama utambulisho wa muda. Na msipange siku ya malipo ijulikane na kila mwenye bunduki barabarani.

Njia imefungwa na wapiganaji. Tunapitaje?

Kwa mazungumzo, na si ya siku moja. Sheria za vita zinazitaka pande zinazopigana kuruhusu na kurahisisha upitaji wa haraka wa misaada isiyo na ubaguzi kwa raia wanaohitaji, ingawa zinabaki na haki ya kukagua mizigo. Kutumia njaa ya raia kama silaha ni marufuku, na azimio 2417 la Baraza la Usalama la mwaka 2018 lililikemea jambo hilo waziwazi.

Barabarani, hata hivyo, hukutani na Baraza la Usalama. Unakutana na kijana mwenye silaha ambaye hajalala, na mkuu wake hajampa taarifa yoyote. Kwa hiyo ruhusa itafutwe juu, katikati na chini: kwa makao makuu, kwa kamanda wa eneo, na kwa kizuizi chenyewe. Kila upande uambiwe jambo lilelile, kwa maneno yaleyale: tunabeba nini, kwa nani, tarehe gani, magari yenye namba gani, madereva ni nani. Mkiwaambia hawa hivi na wale vile, itajulikana, na watakaoumia ni madereva.

Mashirika yote yakubaliane mapema ni masharti gani hayakubaliki. Moja likikubali kulipa ushuru wa kizuizi, kesho wote watadaiwa. Moja likikubali kamanda achague wanufaika, wengine wote wataonekana wakorofi. Hapa ndipo uratibu unapolinda watu kweli, kwa sababu shirika moja peke yake ni dhaifu mbele ya bunduki, lakini mashirika kumi yanayosema neno moja yana uzito.

Kusindikizwa na askari kuwe njia ya mwisho kabisa. Msafara ukishaonekana na jeshi moja, jeshi jingine litauhesabu kuwa ni wa adui, na hata msafara wa wiki ijayo usio na askari utabeba doa hilo. Kuzipa pande zote vipimo vya ramani (GPS) vya mahali zilipo hospitali, maghala na njia za misafara kunasaidia, ila msiamini kwamba kunazuia shambulio. Kunaondoa kisingizio cha kusema hatukujua.

Kuzungumza na kundi lenye silaha si kulitambua?

Hapana. Kifungu cha 3 kinachopatikana katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949 kinaruhusu chombo cha kibinadamu kisichopendelea kutoa huduma zake kwa pande zote za mapigano, na kinaeleza kwamba kukitekeleza hakubadili hadhi ya kisheria ya pande hizo. Kuhusu hofu ya vikwazo vya kifedha, azimio 2664 la Baraza la Usalama la Desemba 2022 liliweka msamaha kwa misaada ya kibinadamu katika uzuiaji wa mali unaotokana na vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Sheria za nchi moja moja zinaweza kuwa kali zaidi, kwa hiyo muulizeni mwanasheria kabla ya kutuma fedha.

Kuna watu wenye silaha ndani ya kambi. Tuendelee kugawa?

Swali hili linaumiza, na Goma ililiuliza kwa sauti kubwa. Waliotekeleza mauaji ya kimbari ya Rwanda walizishika kambi, wakadhibiti mgao na kuwatisha waliotaka kurudi. Baadhi ya mashirika, tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka likiwemo, yaliondoka mwishoni mwa 1994. Mengine yalibaki kwa ajili ya watoto na wagonjwa. Sioni haya kusema kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja nzito.

Kinachoweza kufanywa mapema ni hiki: kambi iwe mbali na mpaka au mstari wa mapigano, serikali iwatenge wapiganaji na kuwanyang'anya silaha mlangoni, na mgao umfikie kila kaya moja kwa moja bila kupita mikononi mwa makamanda. Kuwatenga wapiganaji ni kazi ya dola na polisi. Watu wa misaada wasiombwe kuifanya.

Tunakusanya majina na alama za vidole. Kuna ubaya?

Katika vita, orodha ya majina inaweza kuwa orodha ya kuua. Chukueni taarifa mnazozihitaji tu. Dini na kabila visiandikwe kama havina kazi. Mwelezeni mtu kwa lugha anayoielewa taarifa zake zitaenda kwa nani, na akikataa apatiwe njia nyingine ya kusaidiwa. Mamlaka zikidai orodha kamili, jibu lisitolewe na kijana aliye zamu, lipande kwa mratibu. Picha za watoto zenye majina ya mahali walipo zisiwekwe mtandaoni, hata kama mfadhili anaziomba.

Mtu akidaiwa kitu ili apate msaada, aende wapi?

Msaada ni bure. Hakuna fedha, kazi wala ngono inayoweza kudaiwa kwa ajili yake, na sentensi hiyo iandikwe kwenye ubao wa mgao kwa lugha za watu waliopo. Mwaka 2002 ilifichuliwa kwamba watoto wakimbizi Afrika Magharibi walikuwa wakinyanyaswa kingono na watu waliopaswa kuwasaidia, na mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa agizo linalokataza kabisa mwenendo huo. Agizo peke yake halimlindi mtu. Kinachomlinda ni kuwa na njia zaidi ya moja ya kulalamika, mojawapo ikiwa nje ya shirika linalolalamikiwa, na kuona kwamba aliyelalamika jana hakukatwa mgao leo.

Aliyebakwa apelekwe kwenye huduma ya afya bila kuchelewa, kwa ridhaa yake. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kinga ya dharura ya mimba ndani ya saa 120. Kazi ya mgawaji wa unga ni kujua kituo kiko wapi na kunyamaza kuhusu alichosikia. Asimhoji, asimwandikishe, asimwahidi haki ambayo hana uwezo wa kuitoa.

Tumemwokota mtoto peke yake. Tumpeleke kituo cha yatima?

Subirini. Watoto wengi waliopotea vitani wana mzazi au ndugu aliye hai anayewatafuta. Andikeni mahali na siku alipookotwa, nguo alizovaa, maneno anayoyatumia kuwaita watu wa kwao, na majina aliyoyataja. Mfahamisheni afisa ustawi wa jamii, shirika la ulinzi wa watoto, au Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, walio na mtandao wa kutafuta ndugu unaovuka mipaka. Akae na familia inayoaminika karibu na alipookotwa, ndugu zake wasiachanishwe, na asisafirishwe kwenda mbali kwa jina la kumwokoa.

Tuna nguo za mitumba na maziwa ya kopo ya watoto. Tulete?

Nguo, ulizeni kwanza. Maziwa ya kopo, hapana. Yakichanganywa na maji machafu katika chupa isiyochemshwa yanaleta kuhara kunakoua, na yanawafanya mama wanaonyonyesha waache. Mtoto asiye na mama wala wa kumnyonyesha ahudumiwe na wahudumu wa lishe, mmoja mmoja.

Fedha zimekatika katikati ya mwaka. Tumpunguzie nani?

Mambo haya ni ya kila mwaka sasa. Mwaka 2023 maombi ya pamoja ya Umoja wa Mataifa hayakupata hata nusu ya fedha zilizotakiwa. Kupunguza mgao kwa wote sawasawa kunaonekana haki, lakini kwa kaya isiyo na kipato chochote nusu mgao ni njaa kamili. Tumieni taarifa za uhakika wa chakula, mchague kwa vigezo ambavyo waathirika wenyewe wamevijadili, na muwaambie kabla. Kukuta ghala limefungwa siku ya mgao bila maelezo ni dharau, nayo huwasha moto kambini.

Pia angalieni nani anafanya kazi kwa gharama ndogo. Kwenye mkutano wa dunia kuhusu misaada ya kibinadamu uliofanyika Istanbul mwaka 2016, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba angalau asilimia 25 ya fedha zitawafikia wenyeji wanaotoa misaada ifikapo 2020. Lengo halikufikiwa. Wakati huohuo, nchini Sudan tangu Aprili 2023, vikundi vya vijana wa mitaa vimekuwa vikipika vyungu vya pamoja na kuendesha zahanati katika miji ambayo mashirika ya kimataifa yalishindwa kuingia. Watu kama hao wapewe fedha, na wapewe kiti chenye sauti kwenye kikao, kinachoendeshwa kwa lugha wanayoizungumza.

Mapigano yametulia na watu wanaambiwa warudi. Tuwasaidie kuondoka?

Mkihakikisha kwanza kwamba wanarudi kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Kukata mgao ili waondoke si hiari. Wapelekwe wawakilishi wao, wanawake wakiwemo, wakajionee wenyewe: mabomu yaliyobaki ardhini yameondolewa? Nani amekalia nyumba na mashamba? Kisima kinatoa maji? Mwalimu yupo? Warudi kambini wawaeleze wenzao bila afisa kusimama nyuma yao.

Anayeamua kurudi apewe usafiri, mgao wa kumfikisha kwenye mavuno, mbegu, vyeti vya shule na kadi za chanjo za watoto, na kumbukumbu za matibabu kwa mwenye dawa za kila siku. Anayetaka kubaki alipo na kuanza maisha, au kuhamia sehemu nyingine ya nchi, ana haki hiyo pia, na mpango wa eneo umhesabu. Jina lake libaki kwenye orodha mpaka tathmini ionyeshe kwamba anajimudu, na atakayelifuta aandike sababu na sahihi yake.